Shukrani Isiyofunga Mlango

Kuna kifungu kinachojirudia katika katiba za vikundi vya kujitolea: mwanachama akikosa mikutano mitatu mfululizo bila taarifa, amejiondoa mwenyewe. Kimeandikwa kwa nia njema. Wanaokiandika ndio wanaofika kila mara, ndio wanaoshika reki na koleo, na wamechoka kuona majina sitini daftarini na watu kumi na wanane ufukweni. Wanataka jasho lao lionekane. Ni dai la haki kabisa, na kikundi kinacholipuuza hupoteza watu wake bora kimyakimya. Lakini kumheshimu anayekuja kwa kumfuta asiyekuja kunakiua kikundi kilichoanzishwa ili kiwe cha wote. Hapa Kigoma kinakufa upesi zaidi, kwa sababu ya ziwa.

Tuanze na mwezi wa angani. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea, taa hazina nguvu tena, vipe, yaani vyombo vya kuvulia dagaa, vinapumzika karibu wiki nzima, nyavu zinashonwa na injini zinafunguliwa. Nyakati za giza mambo ni mengine: vyombo vinarudi alfajiri, akina mama wanapokea mzigo na kuanika kabla jua halijapanda, na mvuvi aliyekesha analala mchana. Usafi wa kitaifa hufanyika Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na vikundi vingi vya mialoni, yaani pale vyombo vinaposhusha samaki, vimeipanga kazi yao siku hiyohiyo. Sasa piga hesabu. Mwezi wa angani una siku 29 na nusu. Mwezi wa kalenda, ukichukua wastani wa mwaka, unakaribia siku 30 na nusu. Jumamosi ya mwisho huyumba kidogo, kwa kuwa inaweza kuangukia tarehe yoyote kati ya 22 na 31, ila ikilinganishwa na mwezi wa angani inasogea kwa siku moja tu hivi kila mwezi. Mzunguko mzima unahitaji karibu miezi 32 kukamilika. Maana yake ni kwamba Jumamosi hiyo ikishaingia kwenye giza, itabaki humo kwa miezi mingi. Mvuvi wa Kibirizi au Katonga anaweza kukosa usafi kwa zaidi ya mwaka bila kosa lolote, na kifungu cha mikutano mitatu kitakuwa kimemfuta kabla ya robo ya kipindi hicho.

Mwaka 2024 ulionyesha jambo hilohilo kwa upande wa pili. Uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Kwa miezi hiyo mitatu, watu waliokuwa hawaonekani asubuhi walikuwa na asubuhi zao zote. Kikundi kinachopima watu kwa mahudhurio kingewaandika wavivu mwezi Aprili, vinara mwezi Julai, na wavivu tena mwezi Oktoba. Watu ni walewale na moyo ni uleule.

Wavuvi si peke yao. Msabato hatakuja Jumamosi hata umwahidi nini. Mvua zikianza Oktoba au Novemba, wenye mashamba Uvinza au Kasulu wanaondoka na kurudi zikikatika Aprili au Mei. Mwanafunzi ana Juni na Desemba. Mwenye mtoto mchanga hana siku yake kabisa. Ukiwatoa wote hao, unabaki na watu wenye mshahara wa ofisini na vijana wasio na kazi, kisha unajiuliza kwa nini mwalo haukusikilizi.

Kiini cha tatizo, kwa mtazamo wangu, ni kuchanganya mambo matatu ambayo kila moja lina kanuni zake. La kwanza ni uanachama: haki ya kuingia, kuitwa, kusikilizwa na kurudi. Huo usiishe muda. La pili ni shukrani: kutaja kazi iliyofanyika na aliyeifanya. Hiyo nayo haiishi muda, wala haihitaji kulinganishwa na ya mwingine. La tatu ni dhamana: funguo za stoo, simu yenye fedha za kikundi, mhuri, na mamlaka ya kwenda kuzungumza na halmashauri kwa niaba ya wenzako. Dhamana lazima iishe muda, kwa sababu funguo zilizo kwa mtu aliyehamia Mpanda zinasimamisha kazi ya watu arobaini. Kifungu cha mikutano mitatu ni dawa ya dhamana iliyonyweshwa uanachama.

Jumuiya kubwa za kujitolea duniani zimelitenganisha hili kwa muda mrefu. Apache Software Foundation ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1999 na watu wanaotengeneza programu huria, yaani programu za kompyuta ambazo yeyote anaweza kuzitumia na kuzirekebisha, ina kanuni kwamba stahili ya mtu haichakai. Aliyenyamaza kwa miaka anaweza kupumzishwa majukumu yake kwa heshima, na mlango wa kurudi unabaki wazi. Debian, wanaotengeneza mfumo huria wa kompyuta tangu 1993, walipiga kura mwaka 2010 kuwapokea kama wanachama kamili hata watu wasiotengeneza programu zenyewe: watafsiri, waandishi wa maelezo, wachoraji. Walikuwa wamekwisha kuona kwamba kipimo chao cha zamani kilikuwa kinaona aina moja tu ya kazi.

Kabla ya kukifuta kile kifungu, uliza kwanza kiliwekwa kwa nini, kwa sababu mara nyingi kilikuwa kinatibu jambo la kweli. Jambo hilo ni akidi. Katiba ikisema mkutano halali ni zaidi ya nusu ya wanachama, na wanachama ni 60, basi watu 18 waliofika hawawezi hata kuidhinisha ununuzi wa toroli. Suluhisho lao limekuwa kupunguza wanachama mpaka nusu ipatikane. Suluhisho bora ni kuwa na orodha mbili. Ya kwanza ni daftari la wanachama, ambalo jina halifutwi isipokuwa mwenyewe aombe, au afanye kosa kubwa lililoandikwa katika katiba na asikilizwe kwanza. Ya pili ni orodha ya zamu, inayofunguliwa upya kila miezi sita: anayejua kwamba kipindi hiki atakuwepo kufanya maamuzi anaandika jina. Akidi ihesabiwe kutoka orodha ya zamu. Mwanachama yeyote anaweza kujiandikisha wakati wowote, mradi afanye hivyo siku saba kabla ya mkutano anaotaka kupigia kura. Siku hizo saba ni za lazima, la sivyo siku ya uchaguzi mtu mmoja ataleta shemeji zake ishirini. Mambo matatu makubwa, yaani kubadili katiba, kuuza mali na kuvunja kikundi, yapelekwe kwa wanachama wote kwa taarifa ya siku 21, walio zamu na wasio zamu.

Kikundi kilichosajiliwa halmashauri kipeleke marekebisho hayo kwa afisa maendeleo ya jamii ili nakala iliyoko ofisini ifanane na yenu. Na tusichanganye mambo: kikundi kilichochukua mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri, ile nne ya wanawake, nne ya vijana na mbili ya watu wenye ulemavu, ni jambo jingine. Pale uanachama una deni ndani yake, na mtu hawezi kuingia na kutoka apendavyo. Ninayosema hapa ni ya vikundi vya kazi ya hiari: usafi wa mwambao, miti, ramani, kusomesha watoto jioni, kuchangia damu.

Daftari la kazi

Chombo muhimu kuliko vyote ni daftari, na madaftari mengi yanaharibika siku ya kwanza kwa sababu ya namna yalivyochorwa. Nunua kaunta buku ya kurasa 192. Kila siku ya kazi ichukue kurasa mbili zinazotazamana, kwa hiyo, ukiacha kurasa kumi za mwisho kwa matumizi mengine, buku moja linatosha takriban siku 90 za kazi. Mkikutana mara mbili kwa mwezi ni karibu miaka minne.

Ukurasa wa kushoto andika tarehe, mahali na kazi zilizofanyika. Kila kazi iandikwe kwa kitenzi na kitu: alichambua nailoni kwenye mawe ya mwalo, alileta toroli na kulirudisha, alibeba maji madumu mawili, alibaki na watoto wanne chini ya mwembe, alimpigia simu afisa afya kuomba gari la taka, aliwatafsiria Kirundi wachuuzi waliokuwa na shaka. Ukurasa wa kulia andika jina la aliyefanya, jina la aliyeshuhudia, na alama ya ruhusa: N kwa anayekubali kutajwa hadharani, H kwa asiyekubali. Acha mistari mitatu mitupu chini, kwa ajili ya kazi itakayokumbukwa baadaye. Ijazwe ndani ya wiki mbili, kisha ikatwe kwa mstari.

Usimpe kila mtu ukurasa wake. Hili linaonekana dogo, na ndilo linaloamua kila kitu. Ukurasa wa mtu unajaa au unabaki mtupu, na yeyote anayefungua daftari anaona papo hapo nani amejaza na nani hakujaza. Jumla inajitokeza yenyewe hata kama hamkuiandika, na baada ya mwaka mmoja mtu atasimama mkutanoni ameshika daftari kama hati ya mashtaka. Ukurasa wa kazi hauna jumla ya mtu. Unaonyesha kwamba kazi ile ilihitaji mikono kumi na mitatu, na aliyekuja siku hiyo moja tu ameandikwa sawasawa na aliyekuja siku zote.

Karatasi ya sahihi za mahudhurio haitoshi kuwa daftari. Inaandika kwamba mtu alifika. Haioni aliyefika saa mbili akakaa kivulini, wala haimwoni aliyeazimisha reki sita na hakuja kabisa. Vilevile daftari linaloandikwa na katibu peke yake litakuwa na kazi ambazo katibu anaziona: kubeba, kuchimba, kuhutubia. Uji uliopikwa saa kumi na moja alfajiri hautaonekana humo.

Njia inayofaa ni hii. Kazi ikiisha, watu wakae, na kila mmoja ataje kazi moja aliyomwona mwenzake akiifanya, si yake mwenyewe. Mwandishi anaandika. Watu thelathini wanamaliza kwa dakika kumi na tano. Asiyejua kuandika anashiriki bila kuona haya, na kazi za pembeni zinatajwa kwa sababu kila mtu alikuwa amesimama mahali pake. Mwandishi aangalie jambo moja: kuna watu wanaotajwa na kila mtu kwa sababu ni maarufu, na kuna wasiotajwa na yeyote. Duru ikiisha aulize, "Nani hajasikia jina lake?" na kazi ya huyo itafutwe hadi ipatikane. Huwa ipo.

Kurasa kumi za mwisho ziachwe kwa kazi za katikati, zile zinazofanyika siku isiyo ya mkutano. Msabato anaokota taka Jumapili jioni. Mvuvi anarudi na nyavu chakavu alizozitoa majini badala ya kuziacha. Muuza duka anawafundisha wateja wake watatu kutumia ramani. Wapate mahali pa kuandikwa. Mwisho kabisa, daftari likae ndani ya mfuko wa plastiki, na kila ukurasa upigwe picha siku ileile na kuhifadhiwa katika simu mbili za watu wasioishi nyumba moja. Unyevu wa ziwa na mvua ya ghafla vimemaliza kumbukumbu nyingi.

Ukihesabu viroba

Wapo watakaosema: basi tupime kazi yenyewe, tuhesabu viroba. Fikiri kitakachotokea ufukweni. Anayetaka namba atakimbilia chupa kubwa za maji na magunia mabovu, kwa sababu yanajaza haraka. Atachota na mchanga. Majani mabichi yaliyoletwa na mawimbi nayo yatapakiwa, ingawa si taka. Anayeinama saa mbili nzima kuchambua nyuzi za nailoni kati ya mawe, zile zinazokata miguu ya watoto na kunasa ndege na samaki, ataondoka na nusu kiroba. Kwa hesabu hiyo huyo ndiye mvivu wa siku, na mwezi ujao ataacha nailoni pale pale.

Haya hayatokei vijijini tu. Kampuni ya DigitalOcean ya Marekani ilianzisha mwaka 2014 msimu wa kuhamasisha watu kuchangia programu huria kila Oktoba, na zawadi yake kubwa ilikuwa fulana. Mwaka 2020 masharti yalikuwa michango minne tu. Watu wakamwaga mabadiliko ya upuuzi, neno moja hapa, alama moja pale, mpaka wanaojitolea kutunza programu hizo wakazidiwa na takataka. Siku chache tu baada ya msimu kuanza waandaaji walilazimika kubadili kanuni, na mwaka 2023 fulana ziliondolewa. Waliotunga masharti walikuwa na nia nzuri. Ila namba iliyofungwa kwenye zawadi huacha kupima kazi, ikaanza kupima hamu ya zawadi.

Utafiti juu ya tuzo unasema mambo yanayopaswa kutushughulisha. Mwaka 2012 Michael Restivo na Arnout van de Rijt walichapisha jaribio lao: waliwagawia kwa bahati nasibu nyota za shukrani baadhi ya wahariri wa Wikipedia ya Kiingereza waliokuwa kwenye asilimia 1 ya wenye bidii kuliko wote. Waliopewa nyota waliongeza kazi kwa asilimia 60 kuwazidi wenzao wasiopewa. Mwaka 2014 wakaonyesha upande wa pili: nyota hizohizo, zikipewa watu wa bidii ya chini kidogo, hazikuongeza kitu. Kisha Jana Gallus, katika utafiti uliotoka mwaka 2017, akawatazama wageni kwenye Wikipedia ya Kijerumani. Tuzo ya ishara tu, isiyo na fedha, iliyotolewa mapema kwa waliokuwa wameanza, iliongeza kwa asilimia 20 idadi ya waliobaki.

Ninavyoyasoma matokeo hayo, "mwanachama bora wa mwezi" anamtia nguvu mtu ambaye tayari angekuja. Kwa anayekuja mara moja moja hakuna kinachobadilika, isipokuwa anajua sasa kwamba yuko chini ya mtu fulani. Ila mgeni aliyefanya kazi yake ya kwanza anahitaji neno, na analihitaji mapema. Kikundi kikiwa na nguvu ya kufanya jambo moja tu, kifanye hili: ndani ya siku tatu baada ya kazi ya kwanza ya mtu, mmoja wenu ampigie au amwandikie akitaja kitu hasa alichokifanya na kilisaidia nini. "Ule mfereji uliouzibua nyuma ya soko, juzi mvua imenyesha na maji yamepita." Ujumbe wa jumla unaotumwa kwa wote haufanyi kazi hiyo.

Ngazi na nishani zina kasoro nyingine. Watafiti walioangalia nishani za Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya watengeneza programu, katika kazi iliyotoka mwaka 2013, waliona watu wakiongeza kasi wanapoikaribia nishani na kulegea wakishaipata. Ukiwa na ngazi tano, una sehemu tano za watu kuchoka.

Kuna kizingiti kimoja ninachokiona kuwa cha busara, na nakitaja kwa sababu sipingi kila namba. OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ina taasisi inayotoa uanachama bila ada kwa mtu aliyechora ramani kwa siku 42 ndani ya siku 365. Siku hizo hazilazimiki kufuatana. Mtu wa Gungu anaweza kuzimaliza zote wakati wa mvua na kunyamaza kiangazi chote. Na asiyechora, kama mwalimu au mwandalizi wa mafunzo, anaweza kuomba kwa kueleza kazi yake. Kizingiti hicho kinafungua mlango wa ziada wa kupiga kura. Hakimzuii mtu yeyote kuchora, hata kama kazi yake ya mwaka mzima ni kusahihisha mahali ilipo zahanati moja. Kama ni lazima muwe na namba, iwe na sifa hizo tatu: ihesabiwe kwa mwaka mzima, isidai mfululizo, na iwe na njia ya pili kwa kazi isiyohesabika.

Fedha, fulana na barua

Nauli na chakula si shukrani. Ni gharama. Mtu aliyepanda bodaboda kutoka Ujiji hadi Kibirizi arudishiwe kama fedha ipo, na kiwango kiwe kilekile kwa mwenyekiti na kwa aliyekuja leo. Mkianza kuwapa "wanachama hai" posho kubwa zaidi, mmewaambia wengine kazi yao ina bei ndogo. Uri Gneezy na Aldo Rustichini walionyesha mwaka 2000 kwamba wanafunzi wa sekondari Israeli waliokusanya michango ya hisani nyumba kwa nyumba, wakilipwa asilimia 1 ya walichokusanya, walikusanya kidogo kuliko wasiolipwa chochote. Hata walioahidiwa asilimia 10 hawakuwafikia wasiolipwa. Posho kidogo inaweza kuwa mbaya kuliko kutokuwepo, kwa sababu inaingiza hesabu mahali palipokuwa na moyo.

Fulana zinagombanisha. Mfadhili analeta fulana 25, watu wako 60, kamati inajigawia kwanza kisha inawapa "wanaojituma". Kutoka siku hiyo mwalo mzima unaona kikundi kina wenye fulana na wasio na fulana, na mtu wa pembeni anadhani wasio nazo si wenzenu. Mwombeni mfadhili anunue reflekta badala ya fulana. Reflekta 25 ni mali ya kikundi: zinagawiwa asubuhi kwa waliofika, zinarudishwa kazi ikiisha, zinafuliwa na kuhesabiwa. Aliyekuja leo kwa mara ya kwanza anavaa ileile anayovaa mwanzilishi. Msiandike KAMATI mgongoni. Wakizidi 25, wapewe kwanza walio karibu na barabara, kwa ajili ya usalama.

Cheti kina umuhimu wa kweli, hasa kwa kijana anayetafuta kazi au chuo, na ndiyo maana kisiwe tuzo ya mwisho wa mwaka kwa watu watano. Tengenezeni barua ya uthibitisho, itolewe kwa yeyote mwenye walau mstari mmoja daftarini, siku yoyote atakayoiomba. "Kwa yeyote anayehusika," kisha jina, kazi hasa, mahali, tarehe, na aliyeshuhudia. Isiseme "mwanachama hai", isiseme "alikuwa wa kwanza", wala isimlinganishe na mwingine. Aliyefanya siku moja barua yake itakuwa na mstari mmoja, aliyefanya siku arobaini itajaa ukurasa. Ukweli unajitosheleza, na mwajiri anayejua kusoma ataona tofauti. Kila barua iwe na namba inayorejea ukurasa wa daftari, ipigwe mhuri, na nakala ibaki. Kaboni inatosha. Bila namba, barua za kughushi zitaanza ndani ya mwaka, na zitaharibu zile za kweli.

Kusoma majina hadharani ni shukrani isiyogharimu chochote. Kosa la kawaida ni kutaja watano na kumalizia "na wengine wote". Hao wengine wote ndio mliotaka warudi. Majina sitini, kila moja kwa sekunde tatu, ni dakika tatu tu. Soma kazi kwanza, kisha waliofanya kazi hiyo. Usianze na viongozi, na kila mara anzia ukurasa tofauti ili isiwe jina lilelile linasomwa watu wakiwa wametulia na jingine wakiwa wamesimama kuondoka.

Anayerudi baada ya miezi minane apokewe na kazi. "Karibu kaka, reki ile pale, tunaanzia kwenye mfereji." Asiulizwe mbele za watu alikuwa wapi, hata kwa utani. Mzee aliyeamkiwa shikamoo na papo hapo akaambiwa amepotea sana anatabasamu, anafanya kazi yake, na harudi tena. Kwa ajili ya watu kama hao, ubandikwe karatasi ofisi ya mtaa au kwenye duka la mtu anayeaminika: kazi nne au tano zisizohitaji kikao, kila moja na muda wake. Kumwagilia miche kumi nyuma ya zahanati, robo saa. Kupiga picha mapipa yaliyojaa na kuituma, dakika tano. Kushona viroba vilivyochanika, saa moja, nyumbani. Karatasi ibadilishwe kila wiki mbili, maana kazi iliyokwisha ikibaki ukutani mtu atakwenda bure na hatajaribu tena. Na msifute watu kwenye kundi la WhatsApp kwa sababu hawaandiki. Anayesoma tu ndiye atakayemwambia jirani yake kwamba kesho kuna usafi.

Dhamana nayo ipewe utaratibu wake, mwepesi na usio na aibu. Kila miezi sita, mwenye funguo, mwenye simu ya fedha na mwenye mhuri wakae na wanachama wawili wasio wa kamati. Swali ni moja: kwa miezi sita ijayo utaweza? Jibu la hapana lisihitaji sababu. Vitu vikabidhiwe siku hiyohiyo kwa maandishi, namba ya siri ibadilishwe mbele ya mashahidi wawili, salio lisomwe kwa sauti. Kisha aliyekabidhi asomewe kazi alizofanya, kama wengine, na jina lake libaki daftarini lilipokuwa. Mahali ambapo kukabidhi ni fedheha, watu hushikilia funguo mpaka wahame nazo.

Limebaki suala la ruhusa, ambalo vikundi hulipuuza kwa furaha ya kushukuru. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na majina, namba za simu na picha za watu ni taarifa binafsi. Ndiyo sababu ya ile alama ya N na H. Mwajiriwa anaweza asitake mkuu wake ajue alikuwa mwaloni saa za asubuhi. Aliyekuja kutafuta hifadhi kutoka ng'ambo ya ziwa anaweza kuwa na sababu nzito zaidi ya kutotaka sura yake isambae. Mtu wa H anaandikwa daftarini kama kawaida, anapata barua akiiomba, anashukuriwa uso kwa uso, na hasomwi hadharani wala picha yake haibandikwi. Picha za watoto ziombewe ruhusa kwa mzazi au mlezi kabla ya kupigwa. Na alama inaweza kubadilishwa wakati wowote: mwenyewe anamwambia mwandishi, mwandishi anakata ya zamani, anaweka mpya na tarehe pembeni.